Kufundisha watoto historia nyumbani kwa kamba, mchanga na ramani: mwongozo wetu wa Lamu na Malindi

Shule zikifunga tu, watoto wanashinda barazani na simu, na mzazi akiamua kuwafundisha historia anachukua kitabu anaanza kuwasomea tarehe, 1498, 1593, 1895, mtoto anapiga miayo na baba naye anapiga miayo. Mimi naamini kabisa historia haianzi na tarehe. Inaanza na kitu ambacho mtoto anakishika, anakipima, anakivunja na kukijenga tena, halafu inakuja ramani, halafu ndio tarehe zinakuja mwisho zikute mahali pa kukaa. Na sisi watu wa Lamu na Malindi Mungu ametupa, kwa sababu vitu vya kushika tunavyo mlangoni, hatuhitaji kununua chochote cha maana.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka kama 6 mpaka 13. Wachanganyeni, msiwatenge kwa umri, mkubwa aandike na mdogo apime. Fanyeni asubuhi kabla jua halijakaza au alasiri wakitoka chuoni (madrasa), saa moja au moja na nusu inatosha, ukizidisha hapo wanaanza kusukumana.

Vitu vya kutafuta: kamba ya katani, tepu ya kupimia (ya fundi cherehani inafaa), chaki za rangi, penseli, marka, katoni kuukuu za dukani, karatasi za manila, pegi za nguo, beseni moja kubwa, vijiti vingi, na unga wa ngano wa kupikia gundi. Basi.

Hatua ya 1: mtoto achore mtaa wake kabla hajaona ramani yoyote

Mpe karatasi na penseli, mwambie achore njia ya kutoka nyumbani mpaka chuoni au mpaka dukani, kwa kichwa chake, asitoke nje kuangalia. Usimsahihishe. Atachora duka la peremende kubwa kuliko msikiti, atasahau vichochoro vitatu, na nyumba ya rafiki yake itakuwa katikati ya mji. Iache hivyo hivyo. Halafu tokeni mtembee ile njia na karatasi mkononi, kila akikuta kitu hakukiweka aongeze kwa rangi nyingine. Hapo anajifunza jambo kubwa sana bila wewe kuhubiri, kwamba ramani inachorwa na mtu, na mtu anachora anachokijua na anachokijali.

Mkimaliza ndio sasa fungua ramani ya satelaiti kwenye simu, mtafute paa la nyumba yenu. Ukianza na simu kwanza umeharibu, atakopi tu.

Kwa walio Lamu ongezeni hili, ni zuri mno. Nendeni mpaka mlango wa Ngome, mtoto ahesabu hatua zake kutoka hapo mpaka ukingo wa bahari, aziandike. Halafu mwambie kwamba Ngome ilipojengwa, kati ya 1813 na 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji, na hapo alipopita akihesabu palikuwa ni bahari, pakafukiwa baadaye mji ukasogea mbele. Sasa kwenye ramani yake apake rangi ya bluu sehemu yote hiyo aliyotembea. Mtoto akishapaka bluu mahali ambapo kila siku anapita punda na mikokoteni, swali linamtoka mwenyewe, walifukia na nini, nani alifukia, mbona. Usikimbilie kumjibu, mwambie aandike swali chini ya ramani, tutalirudia kwa wazee.

Hatua ya 2: pimeni nyumba

Hii ndiyo naipenda kuliko zote na nitaieleza pole pole.

Tafuteni nyumba ya mawe ya zamani. Kama yenu ni ya kisasa ya matofali nendeni kwa jamaa, kwa jirani mwenye moyo, au kwenye ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho pale Lamu. Watoto wapime vyumba vyote kwa tepu, urefu na upana, waandike kwenye jedwali. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Urefu utawapa namba tofauti tofauti, kuna chumba kirefu mpaka kinashangaza, lakini upana, upana unakuja karibu ule ule kila chumba, chini kidogo ya mita tatu hivi. Waache waone wenyewe. Kawaida yule mdogo ndiye anasema, "Mama, mbona hii namba inarudi?"

Mwambie ainue macho aangalie dari. Zile boriti ni mikoko, na mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari zito la mawe na chokaa unapatikana kwa urefu wa kiasi hicho tu. Ukitaka chumba kirefu unaongeza boriti ubavuni kwa ubavu mpaka uchoke, lakini ukitaka chumba kipana huna la kufanya. Yaani mti wa pale visiwani Manda na Ndau ndio umeamua chumba cha bibi yako kiwe na umbo gani. Na boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini miaka na miaka kupelekwa Uarabuni na Ghuba ambako miti ya kujengea ni shida, kwa hiyo na huko vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba vile vile. Hapo mtoto ametoka chumbani kwake akafika ng'ambo ya bahari na tepu ya fundi cherehani.

Sasa wajenge. Katoni ndiyo ukuta, vijiti ndio boriti, na sharti ni moja, vijiti vyote vikatwe urefu sawa, shubiri moja ya mtu mzima. Wajenge chumba, waezeke kwa vijiti, juu waweke udongo wa maji na mawe madogo. Halafu waambie wajenge chumba cha upana wa shubiri mbili kwa vijiti hivyo hivyo. Watajaribu kuunga vijiti kwa kamba, wataweka gundi, watabishana, dari litaanguka na udongo utamwagika sakafuni, na ni sawa, fagieni. Mwenye akili ataweka nguzo katikati. Mpongeze sana huyo, halafu mkienda magofu ya Gedi karibu na Malindi au Takwa kule Manda mwonyeshe misikiti ya zamani ilivyojaa nguzo katikati, ni hesabu ile ile aliyoifanya yeye.

Wakati wa kukata vijiti mwite mzee yeyote aliyefanya kazi ya mikoko awatajie madaraja kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na watoto wapange vijiti vyao kwa madaraja hayo. Sisi tulikua tukiyasikia majina haya kila siku, watoto wa sasa wanajua boriti na fito tu.

Mkichora ramani ya nyumba yenyewe, andikeni majina ya sehemu kama yanavyotajwa na watu wa nyumba: daka (baraza ya mlangoni) pale nje, tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), msana wa chini na wa juu (vyumba virefu vinavyofuatana), kisha ndani. Mwulize mtoto, mgeni asiyejulikana anaishia wapi? Rafiki wa baba? Shangazi? Apake rangi tofauti kila anapoishia mtu. Ile ramani itamwonyesha jinsi watu walivyopanga heshima na sitara kwa kuta, na zile zidaka (vishubaka) zilizochongwa kwenye ukuta wa ndani zilikuwa za kuonwa na nani.

Hatua ya 3: bahari kwenye sakafu

Tafuta sakafu laini ya simenti. Chora kwa chaki pwani ya Afrika upande wa kushoto, kuanzia Sofala chini huko Msumbiji kupanda Kilwa, Zanzibar, Mombasa, Malindi, Lamu, Mogadishu, juu chora Uarabuni na Oman, kulia chora Uhindi ikining'inia na Calicut pale ubavuni chini. Sio lazima iwe nzuri, lakini iwe kubwa kiasi cha watoto kusimama juu yake. Kila mtoto awe bandari moja, akae pale na bidhaa zake: huyu wa Lamu ana boriti, wa Uarabuni ana tende, wa Uhindi ana vitambaa na shanga, wa Kilwa ana dhahabu iliyotoka Sofala.

Sasa tengenezeni vijahazi vya karatasi nyepesi vyenye tanga. Leta feni ya mezani. Ikae juu kulia, ndiyo kaskazi, inavuma takriban Disemba mpaka Machi, majahazi yanashuka kutoka Uarabuni na Uhindi kuja kwetu. Halafu ihamishe chini kushoto, ndiyo kusi, kuanzia Aprili hivi, majahazi yanapanda kurudi. Mwambie mtoto arudishe jahazi lake Oman feni ikiwa bado iko upande wa kaskazi. Halitaki. Basi nahodha atafanya nini? Atangoja. Miezi. Na mtu anayengoja miezi anahitaji chumba, anahitaji chakula, anahitaji mtu wa kuaminiana naye biashara, wengine wanaoa, wanazaa, wanabaki. Mtoto anaelewa mji wa Waswahili umetokea vipi na mbona jirani zetu wengine wana babu wa Hadhramaut kule Yemen, kwa sababu ya feni.

Kwenye sakafu hiyo hiyo ndio mahali pa kumleta Vasco da Gama, yule baharia Mreno, sio kabla. Mpe mtoto bakuli la maharagwe, kila haragwe ni siku moja baharini. Kutoka Malindi aliondoka 24 Aprili 1498, akafika pwani ya Calicut 20 Mei. Mtoto ahesabu, apange maharagwe 26 kwenye mstari kuvuka bahari. Kisha kurudi. Aliondoka pwani ya Uhindi 5 Oktoba, upepo haujakubali, wakaiona Afrika kule Mogadishu 2 Januari 1499. Apange tena maharagwe, atafika karibu tisini, atamaliza bakuli. Na mabaharia wengi walikufa njiani kwa kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Tofauti kati ya mistari ile miwili ni nini? Wakati wa kwenda alikuwa na rubani aliyempata Malindi, mtu aliyeijua njia na msimu wake. Wanahistoria wanabishana mpaka leo rubani yule alikuwa nani hasa, lakini kwamba njia ilikuwa inajulikana kabla Mreno hajafika, hilo halina ubishi, na mstari wa maharagwe unalisema vizuri kuliko mimi. Mtoto wa pwani asikue akiamini kwamba bahari yake iligunduliwa na mgeni.

Walio Malindi, mkitoka hapo nendeni kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama pale rasi, watoto wakae chini watazame baharini, wajue upepo unatoka wapi kwa kulowesha kidole. Kisha mchunguze mbona Malindi walimpokea na Mombasa hawakumtaka. Watoto watatu waigize, mmoja Mombasa, mmoja Malindi, mmoja Mreno, na kila mmoja aseme anataka nini. Malindi na Mombasa walikuwa wapinzani wa biashara, huyu akapata rafiki mwenye mizinga. Mwisho wa maigizo waambie 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, wapi? Mombasa. Muulize aliyekuwa Malindi anajisikiaje sasa.

Kuna na twiga pia. Mwaka 1415 watu wa Malindi walipeleka twiga zawadi kwa mfalme wa China. Watoto wadogo ukiwaambia hivyo wameisha, wanataka kujua alipandaje chomboni, alikula nini, alisimama vipi. Waache wachore chombo cha kumbeba twiga na waandike orodha ya chakula chake, kisha wavute uzi kwenye ramani ya dunia kutoka Malindi mpaka China waone ni mbali kiasi gani. Walio karibu na Mambrui wana kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina, huo ni ushahidi wa kutazama kwa macho kwamba China na sisi tulikuwa tunajuana.

Hatua ya 4: geuza ramani

Fupi hii. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alimchorea mfalme Roger wa pili wa Sicily ramani ya dunia, na kusini iko juu. Chukua ramani ya Afrika, igeuze ukutani kichwa chini, iache wiki nzima. Watoto watalalamika mwanzo. Halafu watazoea, na wataanza kuona pwani yetu kwa jicho jingine. Waulize, nani aliamua kaskazini iwe juu? Mtoto mkubwa achore ramani ya Kenya hivyo hivyo kusini juu na aandike majina ya miji.

Hatua ya 5: vita vya Shela mchangani

Hii ni ya Lamu, ingawa mtu wa Malindi anaweza kuifanya pwani yoyote yenye maji kupwa na kujaa. Angalia siku ambayo maji yatakuwa yanaanza kupwa wakati wa alasiri, bamvua ndio nzuri zaidi kwa sababu maji yanakimbia mbali.

Watoto wachore kwa mchanga, kubwa, kisiwa cha Lamu, Manda, Pate, na Mombasa wailundike mbali huko. Vifuu vya nazi ni vyombo vya vita. Simulia: mwanzoni mwa miaka ya 1810 Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wenzao wa Pate walikuja kuichukua Lamu, wakateremka Shela. Watu wa Lamu wakapigana nao wakawashinda, na simulizi zinasema waliposhindwa wakakimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya mchanga, hawana pa kwenda. Hapo unanyamaza. Vifuu vya watoto viko ukingoni, wao wenyewe wanaona maji yanarudi nyuma, kifuu kinalala ubavu. Mpe mmoja awe kamanda wa Mombasa na muulize angefanya nini asubuhi ile kabla hajateremka, atakwambia mwenyewe, ningeuliza maji yanajaa saa ngapi.

Halafu endeleza, maana vita haviishi siku vinapoisha. Lamu walijua Mombasa watarudi, wakamwomba Sayyid Said wa Oman ulinzi, akaleta askari wake, na ile Ngome ikamaliziwa 1821. Waulize watoto: mlinzi akishakuja, ataondoka? Wachore mshale kutoka Oman kuja Lamu na mwingine kwenda Zanzibar, kwa sababu Sayyid Said baadaye alihamishia makao yake Zanzibar na pwani yote hii ikawa chini ya masultani wa huko. Kwenye mchanga ule ule mtoto anaona mji mdogo ulioshinda vita ukaingia kwenye milki kubwa.

Hatua ya 6: chimbo la beseni

Usiku watoto wakilala jaza beseni kwa tabaka tatu. Chini kabisa mchanga wenye makaa, makombe ya pwani, mifupa ya samaki na vijiti. Katikati udongo mwekundu na vipande vya sahani (visugue kingo visikate) na sarafu kuukuu. Juu mchanga mkavu na kifuniko cha soda, karatasi ya peremende, betri iliyokufa iliyofungwa vizuri kwa selotepu. Gawanya juu kwa kamba mraba nne.

Asubuhi wape vijiko na brashi ya rangi. Sheria: mnachimba mraba mmoja mmoja, tabaka moja moja, na kila kitu kinaandikwa kimetoka mraba gani, tabaka gani, kabla ya kuwekwa kando. Yule atakayechota kwa pupa akachanganya tabaka atagundua hawezi tena kusema kipi kilitangulia. Wakimaliza waseme, watu wa tabaka la chini walikula nini, walikuwa na plastiki, walifanya biashara na nani?

Kisha wasimulie Shanga, kule kisiwa cha Pate. Miaka ya 1980 wachimbaji wakiongozwa na Mark Horton walichimba msikiti wa mawe, chini yake wakakuta misikiti mingine iliyotangulia ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, mpaka wakafika karne ya 8. Wale watoto waliotoka kuchimba beseni wanaelewa mara moja, tena wanauliza maswali ambayo mtu mzima hayamjii.

Na hapa niseme kwa herufi kubwa kama inabidi, MSIWARUHUSU WATOTO KUCHIMBA WALA KUOKOTA vigae kwenye magofu ya kweli. Sio Takwa, sio Shanga, sio Gedi, hata kigae kimoja kidogo kizuri. Kuna sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, lakini hata bila sheria, kigae kikihamishwa mahali pake kimenyamaza, ndio kile kile cha beseni lililochanganywa. Pigeni picha, chorani, mkiache.

Hatua ya 7: kutembelea magofu

Mtoto asipelekwe na orodha ya mambo kumi ya kuona. Kila mmoja awe na swali moja na mchoro mmoja, basi.

Takwa mnaenda kwa mashua, na ule mkondo wa mikoko unapitika maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo mpe mtoto mkubwa kazi ya kupanga saa ya kwenda na kurudi kwa kufuata maji. Hiyo peke yake ni somo. Gedi iko karibu na Watamu, kusini ya Malindi, matatu inakufikisha kijijini, na mwaka 2024 imeingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO kama ulivyoingizwa Mji Mkongwe wa Lamu 2001. Pale kuna kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria. Watoto wa chuoni wape hesabu: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 ujumlishe 622. Itawatoka karibu 1400, na kweli kaburi lile linahesabiwa la 1399. Hesabu hiyo ni ya kukadiria lakini inatosha kabisa kwa kazi hii. Kisha watazame visima, wahesabu ni vingapi wamepita, wajiulize mji huu ulihamwa kwa nini. Wataalamu wana maelezo kadhaa, kuna wanaosema maji, kuna wanaosema vita, na mtoto naye ana haki ya kutoa yake mradi aseme ameona nini.

Hatua ya 8: kamba ya miaka

Sasa ndio tarehe. Funga kamba ukutani kama mita tatu. Mwisho wa kulia ni leo. Kila shubiri ya mtu mzima kurudi kushoto ni miaka 100. Watoto waandike vikadi na kuvibana kwa pegi: Shanga karne ya 8 huko mwisho kabisa, al-Idrisi, kaburi la Gedi, twiga, Vasco da Gama, Fort Jesus, Ngome ya Lamu, posta ya Wajerumani iliyofunguliwa Lamu 1888 ikafungwa 1891, Uhuru 1963. Kikadi cha kuzaliwa kwake mtoto wa miaka tisa kitakaa upana wa kidole gumba kutoka mwisho. Cha nyanya yake nacho kibanwe mahali pake. Na kati ya Shanga na Vasco da Gama kuna shubiri karibu saba ambazo vitabu vingi vinazipita haraka, mwonyeshe hilo pengo kwa mkono, mwambie hapo palikuwa na watu, tutafute vikadi vya kuweka.

Hatua ya 9: wazee

Usimpeleke mtoto kwa mzee akasema "babu nisimulie historia," mzee atakosa pa kushika. Aende na maswali ya vitu. "Shikamoo babu, kwenye jahazi mlikuwa mnalala wapi? Mlipika na nini? Boriti mlizifunga vipi? Bahari ikichafuka nahodha alisema nini?" Rekodi kwa simu kwa ruhusa yake. Mpelekeeni ile ramani ya sakafu iliyonakiliwa kwenye manila, mzee aonyeshe kwa kidole alikopita, mtoto achore mstari. Na yale maswali ya hatua ya kwanza kuhusu bahari iliyofukiwa, ndio mahali pake hapa. Wazee wawili wakitofautiana msiogope, andikeni yote mawili, na mtoto aseme lipi linakubaliana na alichopima.

Yale mazito

Watu wengi wanayaruka haya, mimi nasema msiyaruke, ila myaseme kwa kiasi cha umri. Utumwa ulikuwepo hapa. Mashamba ya Malindi ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, majahazi yale yale tuliyoyachora yalibeba watu. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuzuia biashara hiyo baharini, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria kwenye pwani hii 1907. Kwenye ramani ya bahari ongezeni mistari ya rangi nyingine kwa safari za watu waliochukuliwa kutoka bara, na kwenye kamba wekeni vikadi hivyo viwili. Lakini angalieni sana, mji wetu ni mdogo, msimruhusu mtoto kuanza kusema ukoo fulani walikuwa hivi na fulani walikuwa vile. Mkatazeni hapo hapo na mweleze kwa nini, kuna watu wanaumia na maneno hayo mpaka leo.

Baada ya hapo wasimulieni Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama. Wagiriama walitozwa kodi ya vibanda na serikali ya Waingereza na kutakiwa watoe vijana wakafanye kazi, Mekatilili akazunguka akiwaapisha watu wakatae. Alikamatwa 1913 akapelekwa Kisii, akatoroka, na inasimuliwa alirudi kwa miguu. Chukueni ramani ya Kenya yenye skeli, uzi mmoja, mtoto aweke kidole Kisii na kingine Malindi, apime. Ukinyoosha uzi moja kwa moja ni zaidi ya kilomita 600, na hakuna anayetembea kwa mstari ulionyooka. Muulize angepita wapi, wapi kuna maji, wapi kuna simba, nani angempa chakula, achore njia yake. Halafu mkiwa Malindi mpelekeni kwenye sanamu yake mjini, asimame na ile ramani mkononi.

Kuhifadhi kazi zao: kila ramani iandikwe nyuma jina la mtoto, umri na tarehe. Zizungusheni kama mkeka, msizikunje, hewa yetu ya chumvi na unyevu inakata karatasi kwenye mikunjo. Zifungeni kwa uzi, ziwekwe juu ya kabati mbali na ukuta wa nje, na gundi ya unga mliyotumia kwenye modeli changanyeni chumvi kidogo wakati wa kupika, la sivyo nyumba yote ya katoni itaota ukungu kabla shule hazijafunguliwa.